Vikapu Alivyoinua Mama

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa wino wa zambarau wa shule, kwenye daftari ambalo leo nilipaswa kuandalia somo la hesabu la darasa la tatu. Jina lako silitaji. Unaijua sheria ya nyumbani kwetu: aliyechukuliwa na maji hatajwi kwa jina mpaka mwili wake uonekane, na wako haujaonekana, mwaka wa pili huu unakwisha. Basi nakuita mdogo wangu, na nimekaa nikiwa nimeupa mto mgongo, kana kwamba mto unajali. Kishindo cha maporomoko kinaingia dirishani vilevile.

Barua hii siifungi. Anayetaka kuisoma aisome, hata wale wanawake wa sokoni waliokuwa wakivuka njia wakimwona Mama anakuja. Kuna jambo nililomfanyia Mama ambalo wewe hulijui, kwa sababu lilianza siku ile uliyoondoka. Nimekwisha kuliungama mbele ya watu, lakini kwako bado.

Unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akianza hadithi? Makofi mawili ya haraka, baada ya kula, mikono yake ikinuka samaki. Sisi tunajibu "Leta!" na hapo ndipo anaanza. Bila makofi hapakuwa na hadithi. Kilichosemwa bila makofi kilikuwa habari: fulani amejifungua, fulani amekamatwa, boti ya posta imekwama kwenye mchanga. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuchanganya mambo hayo mawili. Na wewe ndiye uliyejibu kwanza, sikuzote. Hata ulipoota ndevu ulijibu "Leta!" kwa sauti uliyotumia kuwaita wenzako kule juu ya nguzo za uvuvi, sauti inayoshinda maji. Mimi nikijaribu kutangulia, Mama ananinyoshea mkono.

"Weye ngojea. Yeye njo wa kwanza."

Nilikuwa naona wivu, nakuambia ukweli. Mwalimu mzima, moniteur kama Wabelgiji wanavyotuita, mwenye soksi ndefu na kaptura iliyopigwa pasi, naona wivu juu ya nani ajibu kwanza. Wewe ulinipa jina la mundele-ndombe, mzungu mweusi, ukalitangaza mpaka ng'ambo ya mto. "Yaya, viatu yako inalia kuliko bata," ulisema mbele ya rafiki zangu walimu, nao wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Uliniita yaya kama wadogo wote wa Kisangani wanavyowaita wakubwa wao, lakini wewe ulilitamka neno hilo huku ukijizuia kucheka.

Mahali pa Papa, baba yetu, kwenye maporomoko palikuwa pangu. Hilo unalijua, nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine. Kwetu Wagenia kila jamaa ina mahali pake kwenye maji makali: nguzo zilizosimikwa kati ya mawe, kamba za msituni, na vikapu vikubwa kuliko mtu vinavyoning'inia mdomo wazi kuyapokea maji. Papa alipokufa kwa homa, mahali pake pakamwangukia mwanawe wa kwanza. Mimi nikaenda kushika chaki. Wewe ukapanda nguzo, na tukapatana kwamba wakati wa likizo mimi ndiye nitakayepanda, ili watu wasiseme kwamba mwenye mahali amepatupa.

Halafu akaja Madamu Vera.

Ulimwona mara moja tu, sokoni, ukasema anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mumewe Mbelgiji alifanya kazi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti, pamoja na miche yake ya mpira. Yeye mwenyewe alikuwa Mrusi aliyetolewa kwao angali mtoto, akalelewa Praha, mji wa Wacheki, na huko alisomea fasihi za watu wote wa jamii ya Kislavi: Warusi, Wacheki, Wapolandi na wengine ambao majina yao nilijifunza kuyaandika kabla sijajua wako wapi. Alitaka kuzunguka nchi zao zote, mji kwa mji, asikilize hadithi moja inavyobadilika nguo kila inapovuka mpaka. Kisha baada ya vita mipaka ile ikafungwa. Akawa yuko huku kwetu, na safari yake iko kichwani tu.

"Vitabu vinampanga kila mtu kwenye rafu yake," aliniambia. "Mimi nataka kuwaona wanavyoombana chumvi."

Kwa hiyo akaamua kuifanya safari yake kwenye mto wetu. Alikuwa amegundua kwamba Waslavi wametupwa huku na huku kandokando ya maji haya. Palikuwa na Bwana Karel, Mcheki muuza viatu hapa mjini. Palikuwa na dokta mmoja Mpolandi kule Basoko. Alikwenda kwao kwa boti ya mumewe akiwa na daftari, na namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii: anamwomba mmoja hadithi, anaiandika, kisha anamsomea mwingine. Yule wa pili akikasirika na kusema "Hapana, kwetu si hivyo," Madamu anapiga mstari pale pale. Mpaka wa kweli, alisema, uko mahali mtu anapokasirika.

Mimi alinitaka kwa sababu najua Kifaransa na kwa sababu ni Mgenia. Alikuwa akikusanya hadithi za watu wa majini na za waliozama, akataka kuweka na zetu pembeni. Ningekataaje? Hakuna aliyewahi kunialika mahali ili nisikilize. Kazi yangu kwa wazungu ilikuwa kutangaza: nyumba zipigwe dawa, watoto wapelekwe kuchanjwa, fulani aripoti ofisini. Nilikuwa mdomo. Huyu aliniambia nilete masikio.

Safari ikapangwa siku zile kati ya Noeli na mwaka mpya, maji yakiwa juu. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuja nyumbani nimekwisha vaa viatu vyangu vya kulia kama bata, wewe ukiwa umechuchumaa unasuka mkia wa kikapu.

"Shika nafasi yangu siku nne tu," nilikuambia.

Hukuinua hata macho. "Enda, yaya. Enda kusikiliza bazungu yako. Miti ya Papa iko inanijua kuliko weye."

Nilifurahi, mdogo wangu. Nilishuka mpaka ufukweni nikipiga mluzi.

Tulilala Yangambi, kesho yake tukashuka mpaka Basoko, na Bwana Karel alikuwa pamoja nasi, kwa kuwa duka lake lilikuwa limefungwa. Alasiri waliketi watu watatu kwenye baraza ya dokta, na kila mmoja alisema lugha yake. Nilishangaa. Karel anasema Kicheki, dokta anajibu Kipolandi, Madamu anaingia katikati kwa Kirusi, na mambo yanakwenda, kama sokoni kwetu ambapo huyu anataja samaki kwa Lingala, yule anajibu Kiswahili, na samaki ananunuliwa. Wakakosana mara moja tu kabla ya hadithi kuanza, juu ya pombe ya zambarau ya Karel na pombe ya viazi ya dokta. Hapana, si zambarau. Ni tunda fulani jeusi la kwao, lililokauka kama kidole cha mzee. Nilionja. Nisingelimpa mbuzi.

Karel ndiye aliyeanza, Madamu akinitafsiria kwa Kifaransa. Kwao, alisema, chini ya mto anaishi mtu wa maji, koti lake linachuruzika upande mmoja daima. Anakusanya roho za waliozama. Anaziweka chini ya vyungu vidogo vilivyolala mdomo chini, amevipanga rafuni kama duka. Siku moja msichana wa kazi akainua chungu kimoja kwa bahati mbaya, na roho ikatoka.

Dokta akaweka bilauri chini kwa kishindo. "Vyungu! Wacheki na vyombo vyao!" Madamu akapiga mstari wake, amefurahi kama mtoto. Kwao Poland, dokta alisema, hakuna duka wala rafu. Aliyezama anabaki pale pale alipozamia, na hawezi kuondoka mpaka aje mwingine achukue nafasi yake.

Nikaandika: mpaka aje mwingine achukue nafasi yake. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana. Daftari ninalo bado, nalitazama, na kila nikilitazama najiuliza jua lilikuwa wapi nilipoandika mstari ule. Maana waliokuwa nawe juu ya nguzo walisema ilikuwa alasiri.

Niliporudi Kisangani niliwakuta wamesimama ufukweni, wanaume wote wa jamaa zetu, hakuna anayesuka, hakuna anayefunga kamba. Tonton Antoine, mdogo wake Papa, alinivua begi begani kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Akasema kamba ya nguzo ya Papa ilikatika. Akasema walikutafuta siku mbili kwa mitumbwi, mpaka chini kabisa kwenye maji yaliyotulia. Hakusema jina. Na mimi sikuuliza ni nani, kwa sababu nilikuwa najua nani alikuwa amesimama mahali pangu.

Tangu hapo sikulala nyumba isiyo na wewe. Nikifungua mlango nasikia mtu anavua matope miguuni. Nikiwa darasani watoto wakijibu kwa pamoja, nasikia sauti moja imetangulia. Mama hakulia mbele ya watu. Alikaa na kusikiliza mto, akamuuliza kila aliyeingia, kila siku, swali moja tu juu ya aliyechukuliwa na maji: "Mutu wa mayi anaenda wapi?" Padri alimjibu. Majirani walimjibu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kesho akauliza tena.

Madamu Vera alikuja kutupa pole. Aliketi kwenye kigoda uani, mchana, kofia mapajani, hajui aweke wapi mikono. Mama akamkaribisha ndizi na samaki waliopikwa kwenye majani, kisha akanigeukia.

"Muulize. Kwao banasema nini? Mutu wa mayi anaenda wapi?"

Nikamtafsiria. Madamu akasitasita, akasema yeye hajui, lakini Wacheki wana hadithi moja, mimi mwenyewe niliisikia. Na mimi, mdogo wangu, nikaisimulia.

Sikupiga makofi. Palikuwa mchana, palikuwa na mgeni mzungu, na nilikuwa na soksi zangu ndefu. Nilimwonea haya Mama, na mikono yake, na "Leta!" yetu ya kishamba. Nikasimama wima na kusema kama ninavyotangaza habari za ofisi: "Mama, wanasema chini ya mto kuna mtu. Amewaweka waliozama chini ya vyungu. Vimelala mdomo chini. Mtu akikiinua chungu, aliye chini anatoka."

Mama alinitazama mikono. Nilidhani anatazama saa yangu.

"Mudomo chini?" aliuliza.

"Mdomo chini."

Akageuza uso taratibu kuelekea mawe ya mtoni. Unakumbuka vikapu tunavyovitoa majini vikaukie juu ya mawe, jamaa kwa jamaa, jinsi tunavyovilaza? Siku ile nilimaliza chai yangu, nikamsindikiza Madamu mpaka barabarani, tukizungumza juu ya Wapolandi.

Kesho yake asubuhi, wakati wanaume wako kanisani, Mama alishuka kwenye mawe. Mwanamke haendi kule, na hata mwanamume hagusi kikapu cha jamaa nyingine, hata kwa kidole, hata kikiwa kinachukuliwa na maji mbele ya macho yake. Anakwenda kumwita mwenyewe. Mama alifungua kamba za vikapu vyote. Vyetu, vya Tonton Antoine, vya watu ambao hatusalimiani nao. Vikubwa vile, vinavyobebwa na wanaume wawili! Aliviinua kimoja kimoja, akachungulia chini, akaviegemeza ubavuni mwa jiwe. Waliporudi kutoka kanisani maji yalikuwa yamepanda, na vikapu vile, bila kamba, vilikuwa vinaelea kuelekea Yangambi. Kusuka kikapu kimoja ni kazi ya majuma mengi. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, kitenge chake kimelowa mpaka kiunoni, anapumzika kama mtu aliyemaliza kulima.

Walituita sote penye kibanda cha kusukia. Tonton Antoine ndiye mkubwa wa wavuvi sasa, na alihukumu akiwa amesimama.

"Mutu mwenye akili akigusa kikapo ya jamaa ingine, mahali yake inafungwa. Tunatoa nguzo. Misimu mbili. Iko sheria, haikuanza na mimi." Kisha akanigeukia, na nilimwona ananitafutia mlango wa kutokea, masikini. "Donc, sema, mwalimu. Nani alimutuma? Ao ni huzuni njo inamusumbua kichwa?"

Mama alinitazama. Alikuwa anangoja niseme tu kwamba ni mimi niliyempa habari ile.

Nikawaza nguzo za Papa. Nikawaza zikitolewa, mahali pako pakibaki maji matupu, na watu wakisema mwalimu aliua mdogo wake kisha akaua na mahali pa baba yake. Nikasema, "Ni huzuni. Tangu siku ile hajui anachofanya."

Basi hawakufunga mahali petu. Kwa mwenye wazimu hakuna adhabu. Ila hakuna anayenunua chakula mkononi mwa mwenye wazimu pia. Mama, ambaye samaki wake wa kwenye majani walikuwa wakiisha kabla ya kengele ya saa sita, alikaa sokoni siku tatu na sinia yake imejaa, inzi juu. Siku ya nne hakwenda. Wake wa wavuvi walimzuia kushuka kuchota maji, kwa upole, wakimshika mkono kama kipofu. Hakunilaumu. Jioni akatenga sahani mbili kama kawaida, yangu na nyingine, ndizi na pondu, majani ya muhogo, na kipande cha samaki. Nikamuuliza ya nani.

"Nilifungua zote," alisema. "Saa hii iko njiani."

Asubuhi alikula yeye mwenyewe ile iliyolala, baridi, kila siku, mwaka mzima. Na hakupiga makofi tena.

Nilifikiri nitapata dawa kule kule nilikopata ugonjwa. Likizo ya mwaka wa pili nikamwomba Madamu anichukue tena, na safari hii nilikuwa na swali langu: chungu kikiisha kuinuliwa, aliyetoka anakwenda wapi? Kama wanajua habari za vyungu, na hilo watalijua. Mtu hajengi nyumba bila mlango.

Karel alikuna kichwa dukani kwake, kati ya maboksi ya raba. "Inapanda juu, povu moja tu kwenye maji. Pah. Basi."

"Basi?"

"Basi. Pale hadithi inaisha."

Dokta wa Basoko alikumbuka siku ile ya barazani. Alikuwa amekwisha ambiwa habari zako. Nilipouliza swali langu alisimama, akaenda kwenye ukingo wa baraza, akasema nimsamehe, yeye ni daktari, na yale aliyoyasema mwaka ule aliyasema akiwa amekunywa. Sikumsamehe wala sikumkasirikia. Nilitaka tu ayafute, naye hakuwa na kifutio.

Tukiwa tunarudi, boti ikipanda polepole kandokando ya msitu, nilimweleza Madamu Vera yote: makofi niliyoyaacha, vikapu, kibanda, neno nililolisema. Alikuwa na daftari wazi. Alilifunga.

"Miaka yote nimeandika hadithi imetoka kwa nani kwenda kwa nani," alisema. "Sijaandika hata mara moja imemfanya nini aliyeipokea."

Kisha akaniambia ya kwao, Urusi, ambayo hakuwahi kuisema barazani kwa kuwa alikuwa akiambiwa na mama yake. Mara moja kwa mwaka, siku za joto zikianza, waliozama wanatoka majini na kutembea mashambani kati ya nafaka. Hawana nguo. Wanawake wanawatundikia mashati kwenye matawi, na hawageuki nyuma kutazama ni nani atakayeyachukua.

Nilifika nyumbani alasiri. Uani, kwenye kamba, palikuwa na shati lako la buluu, lile lililochanika mfukoni, limefuliwa, linachuruzika upande mmoja. Mama hakuwa amesikia neno lolote la Kirusi. Nilimuuliza tangu lini analifua. Akasema kila Jumamosi, siku niko shuleni. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu, nikaogopa, mdogo wangu, niliogopa kama sijapata kuogopa, kwa sababu nilihisi kwamba katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyezama.

Asubuhi nilikwenda penye kibanda cha kusukia. Walikuwa karibu wote, na Tonton Antoine alikuwa na kikapu kipya magotini. Nilivua viatu. Nikasema, "Mama hakuwa na wazimu. Mimi nilimpa habari ile, kwa mdomo wangu, bila makofi. Mliniuliza mbele yake nikamkana."

Hakuna aliyeacha kusuka. Tonton Antoine alimaliza mzunguko aliokuwa nao.

"Alors, alikuwa na akili."

"Kuliko mimi."

"Unajua kama mahali ya papa yenu inafungwa?"

"Najua, Tonton."

"Na ya mudogo yako."

"Najua."

Walizitoa nguzo kesho yake. Walifanya taratibu, nikiwepo, na walipofika kwenye ile ambayo kamba yake ilikatika, walingoja niishike mimi kwanza. Kisha Tonton Antoine akapanda mpaka uani kwetu, miguu ina matope, akaketi mahali watu wa njiani wanaweza kumwona, akamwambia Mama anasikia njaa. Mama akamfungulia samaki wa kwenye majani. Akala wote, akalamba vidole, akaomba mwingine wa kumpelekea mkewe. Jumatatu Mama alirudi sokoni.

Mimi nilikuwa bado sijamwambia kwa kinywa changu. Nilimkuta akipara samaki.

"Mama, ile ya vyungu ilikuwa hadithi. Sikupiga makofi."

Magamba yakaendelea kuruka. "Nilikuona, haukupiga. Nikasema, mutoto wangu amesahau, ao iko anasema kweli. Nikachagua."

"Kwa nini ukachagua habari?"

"Hadithi, mutu anakaa, anasikiliza. Habari, mutu anasimama, anaenda. Mimi nilikaa siku mingi, mutoto yangu. Nilitaka kusimama."

Nikachukua kisu cha pili nikapara naye, vibaya, na akanicheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu uende.

Jana, baada ya kula, akafuta mikono kwenye kitambaa. Shati lako lilikuwa kwenye kamba. Akapiga makofi mawili.

Nikafungua kinywa. Akaninyoshea mkono.

"Weye ngojea."

Tukangoja. Sikugeuka nyuma. Maporomoko yalikuwa yakinguruma kama kila siku, na sijui nilisikia nini, sitatia chumvi, mimi ni mwalimu. Najua tu kwamba Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyejibiwa, kisha akanitazama, zamu yangu, nami nikasema "Leta."

"Hapo zamani kulikuwa na kijana mumoja," alisema Mama, "jina yake Fideli."

Nilishtuka, nikatazama mtoni. Yeye akaendelea bila wasiwasi. Katika hadithi zake majina ya wazee wengi waliochukuliwa na maji yalitajwa tangu tukiwa wadogo, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini pale tu yanaruhusiwa. Alisimulia ulivyojifunza kuogelea kabla ya kutembea vizuri. Alisimulia viatu vyangu na bata. Nililia na kucheka mpaka majirani wakaja kusikiliza nao.

Basi nimekwisha kuliandika. Fideli. Kama ni kosa, liko juu yangu, pamoja na mengine.

Nguzo hazipo tena, Fideli. Nimesimama pale leo asubuhi, maji yanapita matupu. Kwa misimu miwili hakuna atakayepanda mahali pale kuchukua nafasi yako, na ikiisha nitamwomba Tonton pabaki hivyo. Kwa hiyo kama yule dokta alisema kweli, usimngoje mtu. Toka tu. Shati liko kwenye kamba, nasi tumekwisha kuligeuzia mgongo.

Na jioni, Mama akipiga makofi, jibu. Sitatangulia tena.

Yaya wako